Polishi ya chuma kwa vifaa vya zamani vya useremala: tuchague ipi, na tuipake wapi?

Seremala wa Kirumba

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Mji wetu wa Mwanza ulifikiwa na reli mwaka 1928, una bandari, na wajenzi wa mitumbwi wamejaa mwaloni kote, kwa hiyo si ajabu kwamba vifaa vya mkono vya zamani bado vinapita mikononi mwetu: randa za Stanley na Record, misumeno ya Disston, patasi zilizopigwa mhuri wa Sheffield, mji wa wafua vyuma kule Uingereza, timazi za shaba ambazo wazee walirithishana. Anayepata kimojawapo huuliza kwanza anunue polishi gani ili king'ae. Naomba tulijadili swali hilo kwa kina, kwa sababu nimeona vifaa vizuri vikiharibiwa na watu wenye nia njema kabisa.

Msimamo wangu ni kwamba polishi huchaguliwa kwa kuangalia kazi ya sehemu inayopakwa. Sehemu inayokata inahitaji kung'arishwa hasa, kwa sababu makali ni mahali ambapo nyuso mbili za chuma zinakutana, na mkwaruzo wowote uliopo kwenye uso mmojawapo hutokeza kwenye makali kama pengo dogo. Sehemu inayoteleza juu ya mbao inahitaji kuwa safi na laini, basi. Sehemu nyingine zote, yaani ubavu wa randa, shingo ya patasi, kichwa cha nyundo, hazihitaji kung'aa hata kidogo, na ule weusi wa kikahawia zilioupata kwa miaka mingi ni ngao yake. Kutu nyekundu ina vitundu, hushika unyevu na kuendelea kula chuma kilicho chini yake. Weusi ule umeshikamana na chuma na hupunguza kasi ya kutu mpya. Anayeukwangua wote ili chuma kiwe cheupe anakirudisha kifaa kwenye hali dhaifu zaidi, na hapa kando ya ziwa, ambapo umande wa alfajiri huingia hadi ndani ya karakana, chuma cheupe kisichopakwa kitu hakichukui muda kuanza kuwa na madoa ya rangi ya chungwa.

Jambo la pili ni kwamba polishi haikusudiwi kuondoa kutu. Kutu huondolewa kwanza, kwa msasa wenye mafuta ya taa, au kwa kuloweka kwenye siki ya kawaida ya jikoni, yenye asidi ya kiasi cha asilimia 5, kisha kusuuza kwa maji yaliyoyeyushwa magadi, kukausha papo hapo na kupaka mafuta. Maji ya betri yasitumike kamwe, maana asidi yake ni kali mno, hula chuma chenyewe, na inaweza kuingiza haidrojeni ndani ya chuma kigumu hadi kikawa chepesi kuvunjika. Baada ya kutu kutoka, tunapanda ngazi za msasa. Msasa wa namba 400 una punje za takriban maikroni 35 (maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), wa namba 1000 takriban maikroni 18, na wa namba 2000 takriban maikroni 10. Polishi inaanza kazi hapo msasa unapoishia. Ukiipaka juu ya mikwaruzo ya msasa wa namba 400, utapata mikwaruzo inayong'aa.

Sasa nizitaje zile zinazopatikana. Brasso, ambayo Waingereza wanaiuza tangu mwaka 1905, ni majimaji yenye punje laini za silika, yaani madini ya mchanga, mafuta mepesi na amonia. Ilitengenezwa kwa ajili ya shaba, na kwenye shaba inafanya kazi vizuri sana. Kwenye chuma kigumu cha patasi inakwenda polepole, kwa kuwa ugumu wa silika haukizidi sana chuma hicho. Autosol, ile ya kwenye tyubu ambayo wenye bodaboda wanaitumia kung'arishia vyuma vya pikipiki, ni ya Ujerumani na punje zake ni za alumina, yaani oksidi ya alumini, ambayo katika kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini ina 9, wakati silika ya mchanga ina 7. Hii hukata chuma kigumu bila shida. Ipo pia ile nta ngumu ya kijani inayouzwa kwa vipande, yenye oksidi ya kromiamu, ambayo punje zake katika vipande vizuri ni kama nusu ya maikroni. Vipande vya bei rahisi mara nyingi vimechanganywa na alumina yenye punje kubwa zaidi, lakini hata hivyo vinafaa.

Kwa makali, chaguo langu ni kipande cha kijani. Kwa vyuma vingine vinavyohitaji kung'aa, ni alumina ya tyubu. Kwa shaba ni Brasso, kwa masharti nitakayoyaeleza mtu akiuliza. Karibuni mchangie.

Mama Fanicha, Nyakato

Shukrani kwa mada nzuri, kaka. Mimi ninaendesha karakana ya fanicha, na vijana wangu wamezoea kung'arisha patasi kwa kitambaa chenye polishi ya tyubu. Patasi inang'aa mpaka unajiona sura, lakini haikati kama ilivyotarajiwa. Naomba unieleze kosa liko wapi, kwa maana polishi ni hiyo hiyo uliyoisifia.

Seremala wa Kirumba

Dada yangu, polishi haina kosa, tatizo ni kitambaa. Kitambaa ni laini, na ukikibana kwa kidole hujikunja kidogo pale chuma kinapoishia. Kwa hiyo kinapopita kwenye ukingo wa patasi kinaufuata na kuuviringisha. Mgongo wa patasi ambao ulitakiwa kuwa bapa mpaka kwenye ncha unakuwa na mteremko mdogo usioonekana kwa macho, na pembe ya makali inanenepa. Mng'ao unabaki ule ule, bali ukali umekwisha.

Waambie vijana wapake polishi juu ya kitu kigumu na bapa. Kipande cha mninga kilichopigwa randa vizuri kinatosha kabisa, na kioo kinene cha dirisha kinafaa pia kwa hatua za msasa. Paka polishi kidogo sana juu ya ubao, kiasi cha punje ya mchele, itandaze kwa kidole, kisha laza mgongo wa patasi na uukandamize karibu na ncha huku ukiivuta kuja kwako. Usiisukume mbele, kwa sababu makali yatazama kwenye ubao. Baada ya mivuto michache utaona polishi inageuka kijivu, halafu nyeusi. Weusi huo ni chuma kinachotoka, na ndiyo dalili kwamba kazi inafanyika. Ifute na utazame mgongo ukiwa umeuelekeza dirishani. Mwanzoni mng'ao hutokea kwenye pembe mbili na katikati kunabaki ukungu, jambo linaloonyesha kwamba mgongo una bonde. Bonde hilo likiwa mbali na ncha halina madhara. Kinachotakiwa ni sentimita mbili tatu za mwisho zing'ae mfululizo, upande hadi upande, mpaka uone kwenye chuma kope za jicho lako bila ukungu. Kung'arisha mgongo mzima wa patasi hadi shingoni ni kupoteza polishi na nguvu za kijana.

Kwa makali ya kila siku, bandika kipande cha ngozi ya ng'ombe juu ya ubao, upande wa nyama ukiwa juu, na ukisugue kwa ile nta ya kijani. Ngozi yetu ya Usukumani ni nzuri kwa kazi hii, mradi isiwe nene na laini kupita kiasi, vinginevyo itaviringisha makali kama kile kitambaa.

Mtengeneza Mitumbwi

Wanajukwaa, mimi niko Kayenze na kazi yangu ni mitumbwi. Tezo zetu hazikai ndani. Zinalala mchangani, zinapata maji ya ziwa na utomvu wa mbao mbichi. Nimesoma hoja ya weusi kuwa ngao na ninaiunga mkono kwa dhati. Wazee waliotufundisha kazi walikuwa wananoa tezo pale kwenye makali tu, na sehemu iliyobaki iliachwa nyeusi kama ilivyotoka kwa mhunzi. Tezo hizo zimedumu.

Ningependa kuongeza jambo moja. Kifaa kikiwa na kutu nyekundu nyembamba juu juu, kichemsheni katika maji safi ya mvua kwa muda kama nusu saa hivi. Kutu ile nyekundu hugeuka nyeusi. Kisha sugueni kwa brashi laini ili unga uliolegea utoke, na mpake mafuta kikiwa bado na joto. Njia hii haihitaji polishi yoyote, na kwa vifaa vinavyoshinda ufukweni ninaiona kuwa bora kuliko kung'arisha.

Seremala wa Kirumba

Mzee wangu wa Kayenze, nakushukuru sana, na ninaomba wasomaji wasilipite jambo hilo kwa haraka. Wahunzi wa bunduki walitumia kanuni hiyo hiyo ya kuchemsha ili kuzitia silaha weusi wake. Nitaongeza tahadhari moja tu: ondoeni mpini kwanza, kwani mti uliochemshwa hupasuka.

Kinoo

Nina maswali mawili, mkuu. Kwanza, polishi ya gari inafaa kwa sehemu ya chini ya randa? Ninayo chupa nzima na ningependa kuitumia. Pili, kwa nini usiseme lolote kuhusu dawa ya meno na majivu? Bibi zetu waling'arisha masufuria kwa majivu na yalikuwa yakimeremeta.

Seremala wa Kirumba

Swali lako la kwanza ni zito kuliko linavyoonekana, ndugu Kinoo. Polishi nyingi za magari zina silikoni, ndiyo inayofanya maji ya mvua yaviringike na kuanguka. Silikoni hiyo ikikaa chini ya randa inahamia kwenye ubao unaopigwa randa, na ubao huo ukipakwa vanishi, vanishi inaukataa: inajikusanya pembeni na kuacha vishimo vidogo vya mviringo vinavyoonyesha mti mtupu. Kupiga msasa na kupaka upya mara nyingi hakusaidii, kwa sababu silikoni imeshaingia kwenye mti na kwenye msasa wenyewe. Fundi anaweza kuhangaika na meza ya mteja akilaumu vanishi, brashi na vumbi la barabarani, kumbe chanzo ni randa. Kwa hiyo, kabla ya kununua polishi ya aina yoyote kwa kifaa kinachogusa mbao, soma maandishi ya kwenye chupa. Ikiwa imeandikwa kwamba ina silikoni, au inajisifu kwa kuzuia maji na kutoa mng'ao wa kudumu bila kueleza viambato vyake, iache dukani. Hiyo chupa yako itumie kwenye gari.

Kuhusu dawa ya meno, punje zake mara nyingi ni chokaa au silika laini, ambazo ni laini sana kwa chuma kigumu. Kwenye shaba zinasaidia, na zinatoa mafuta na uchafu. Majivu nayo yanakata vizuri, lakini ndani yake hamkosi chembe za mchanga zilizotoka mekoni, na chembe moja ya mchanga inaacha mkwaruzo mrefu unaokulazimisha kurudi kwenye msasa wa namba 400. Sufuria haina makali, ndiyo maana majivu yaliifaa.

Mgeni wa Ukerewe

Nimerithi msumeno wa mkono kutoka kwa baba mkubwa, na katikati ya bapa lake chini ya kutu naona kama kuna maandishi na picha. Ninaogopa kuugusa. Mpini wake una skrubu za shaba. Nifanye nini?

Seremala wa Kirumba

Pole kwa msiba, na hongera kwa kupewa urithi huo. Umefanya vema kutougusa. Maandishi hayo ni nembo ya kiwanda, iliyochorwa kwa asidi juu juu ya chuma, na kina chake ni kidogo kiasi kwamba msasa mkavu ukishikwa kwa vidole unaifuta kwa dakika chache. Wengi wameipoteza kwa mashine ya kusagia iliyofungwa brashi ya waya. Mashine hiyo ina hatari nyingine kubwa zaidi: bapa la msumeno ni jembamba, linapata joto upesi, na ukiona limeanza kuwa na rangi ya samawati ujue mahali hapo pamekaribia nyuzi 300 za Selsiasi, na kwa patasi au kisu cha randa joto hilo limeshaondoa ugumu wa chuma. Hakuna polishi duniani inayorudisha ugumu uliopotea. Patasi zile za zamani zilizopigwa mhuri wa Sheffield zilitokana na chuma kilichoyeyushwa kwenye vyungu, ufundi ambao Benjamin Huntsman aliuanzisha pale katika miaka ya 1740, na ni chuma safi, kinachopokea makali vizuri sana. Inaniuma kuona kikiunguzwa kwa sababu ya kutaka king'ae kwa haraka.

Legeza skrubu taratibu na utoe mpini. Laza bapa juu ya ubao ulionyooka. Kwangua kutu iliyofura kwa wembe uliolazwa karibu sawa na chuma, ukipita kwa wepesi mno juu ya nembo. Halafu funga msasa wa namba 600 kwenye kibao kigumu na bapa, uloweshe kwa mafuta ya taa, na usugue kwa kufuata urefu wa msumeno. Kibao kigumu ndicho siri ya kazi yote, kwa kuwa hupita juu ya mistari ya nembo bila kuingia ndani yake, na weusi uliojificha kwenye mistari hiyo unabaki. Chuma cha jirani kinapoanza kuwa cheupe, herufi zinajitokeza zenyewe, kwanza mikia yake, kisha neno zima. Hapo acha. Ukipenda, malizia kwa polishi ya tyubu kidogo juu ya kibao hicho hicho kilichofunikwa kitambaa kimoja chembamba, lakini usiuguse tena mchoro.

Skrubu za shaba uzing'arishe ukiwa umezitoa kwenye mti, na hapa ndipo nitimize ahadi ya masharti ya Brasso. Amonia iliyomo ni adui wa shaba ya manjano ikiachwa ikakaa, hasa kwenye shaba iliyo chini ya mkazo. Jeshi la Uingereza nchini India lilikuwa na maganda ya risasi yaliyopasuka yenyewe yakiwa yamehifadhiwa kwenye mazizi ya farasi wakati wa mvua, na mwaka 1921 ikaelezwa kwamba amonia iliyotoka kwenye mkojo wa farasi ndiyo iliyoyapasua. Skrubu yako haitapasuka kwa kupakwa mara moja, ila polishi inayokauka ndani ya nyuzi zake au chini ya kichwa chake huacha ukoga wa kijani na unga mweupe unaoonekana vibaya kwenye mpini. Osha kwa mswaki wa zamani na maji ya sabuni, kausha, ndipo uirudishe. Kwa timazi na pimamaji za shaba, fanya hivyo hivyo, na usiitie polishi kwenye mistari ya vipimo kila mara, kwani inachakaa.

Kinoo

Nimekuelewa vizuri kuhusu silikoni, na randa yangu imepona. Je, zile randa zenye vyuma vilivyopakwa madini meupe ya kung'aa, nazo zinahitaji alumina?

Seremala wa Kirumba

Hiyo ni nikeli, na ni tabaka jembamba. Brasso inatosha kwake kwa sababu ni laini. Alumina itaimaliza na kufikia chuma. Ikiwa imeshaanza kubanduka, futa tu kwa mafuta na uiache. Ile rangi nyeusi ya ndani ya randa isiguswe na polishi yoyote.

Mama Fanicha, Nyakato

Kaka, tumejaribu ubao wa mninga, na tofauti imeonekana: kijana amekata kichwa cha ubao wa mkongo, pale nyuzi za mti zinapokatishwa, kwa mkono mmoja, na uso umebaki laini. Sasa tunataka kujua baada ya polishi tupake nini, maana masika haya vifaa vinatota hata kabatini. Wengine wanatumia mafuta ya alizeti.

Seremala wa Kirumba

Nimefurahi sana kusikia hivyo, dada. Mafuta ya alizeti yasitumike, kwa sababu yanapokaa hewani hugeuka gundi ya njano inayoshika vumbi. Kwanza ondoeni mabaki yote ya polishi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, mkisafisha kwa mswaki nyuzi za skrubu ya randa, kwani punje za alumina zikibaki humo zitaendelea kusaga shaba ya gurudumu la kurekebishia kila mnapolizungusha. Chuma kikiwa safi na kikavu, pakeni nta ya nyuki.

Nta inapatikana kwa wauza asali, na jirani zetu wa Tabora wanayo nyingi. Chukueni kipimo kimoja cha nta na vipimo viwili au vitatu vya tapentaini. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, kwa hiyo haihitaji moto wa moja kwa moja. Wekeni kopo la nta ndani ya sufuria ya maji ya moto, na ikishayeyuka liondoeni kabisa jirani na jiko la mkaa kabla ya kumimina tapentaini, kwa kuwa mvuke wake unashika moto. Koroga mpaka ipoe. Itakuwa laini kama mafuta ya kupaka. Pakeni kidogo kwa kitambaa, subirini ikauke, kisha futeni kwa kitambaa kikavu. Chini ya randa itateleza vizuri zaidi, na vanishi haitasumbuliwa na tabaka jembamba hivyo. Kwa vifaa vitakavyokaa muda mrefu bila kutumika, Vaseline ya kawaida iliyopakwa nene inafaa zaidi, mradi ifutwe yote kabla ya kugusa mbao.

Mtengeneza Mitumbwi

Nasi huku tutaijaribu kwenye makali ya tezo. Tapentaini haipatikani kirahisi Kayenze; je, mafuta ya taa yanaweza kuchukua nafasi yake?

Seremala wa Kirumba

Yanaweza, mzee wangu, kwa vipimo vile vile na tahadhari ile ile ya moto. Yatachelewa kukauka tu, kwa hiyo pakeni jioni na mfute asubuhi, na vifaa vilale juu ya rafu ya mbao, visigusane na sakafu ya saruji.